Kutoka Kigoma hadi Tabora: siku saba kando ya maji ya Malagarasi

Nimerudi nyumbani Tabora wiki mbili sasa. Daftari limelowa pembe moja, simu imejaa picha za mawe na nyaya za umeme. Naiandika safari hii kabla mambo hayajachanganyika kichwani.

Nilikwenda Kigoma wakati wa likizo kwa ajili ya arobaini ya mama mkubwa. Baada ya dua, tukiwa barazani mtaa wa Mwanga, mjomba akarudia neno ambalo nimelisikia kwake miaka mingi: "Umeme wa maji tungekuwa nao zamani sisi. Konokono ndiye aliyetuzuilia." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Mimi nafundisha jiografia. Kidatu, Mtera, Kariba na Aswan nimeviandika ubaoni miaka kumi na minne, na bwawa pekee nililowahi kuligusa kwa mkono ni Igombe, tulilokunywa maji yake utotoni. Nikaona si haki kupanda basi la usiku na kuuvuka Malagarasi nimelala. Nikaamua kurudi polepole.

Siku ya kwanza, Jumamosi: Kibirizi

Mjomba alikuwa mvuvi wa dagaa kabla magoti hayajamkatalia. Asubuhi alinichukua hadi mwalo wa Kibirizi. Kama hujafika Kigoma tangu 2019, ujue ufukwe unaoukumbuka umebadilika sana. Mvua za mwishoni mwa mwaka ule na misimu iliyofuata zililijaza ziwa, likameza nyumba, miti na njia za watu. Mjomba alinyoosha fimbo kunionyesha mahali uliposimama mwembe aliokuwa akiufungia mtumbwi wake. Mtoto mmoja alikuwa anaogelea papo hapo.

Wavuvi wawili waliokuwa wakishona nyavu walituambia sababu bila kuulizwa: "Wakongo wameziba Lukuga."

Nikakaa nao. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga, ng'ambo kule Kalemie. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron aliufikia akaukuta umesongwa na magugu na tope. Ziwa likaendelea kupanda, hadi karibu mwaka 1878 kizibo kile kikaachia na maji yakaanza kushuka. Lilikuwa bwawa lililojijenga lenyewe na kubomoka lenyewe. Kwa hiyo hofu ya Lukuga ina mizizi. Tena miaka ya karibuni, ziwa liliposhuka mno, Tanzania na Kongo zilizungumzia kujenga banio pale ili maji yasiishe. Mtu aliyesikia nusu ya habari ile redioni, kisha akaona maji yameingia sebuleni kwake, ataziunganisha mwenyewe. Niliwaeleza habari za mvua. Mkubwa wao alinisikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, akasema, "Hayo ungetueleza wakati maji yalipokuwa magotini, mwalimu."

Chakula cha mchana tulikula hapo hapo mwaloni: mgebuka wa kuchoma, ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese. Shilingi 5,000 kwa sahani iliyotushibisha wawili.

Usiku nikakaa na simu kutafuta huyo konokono wa mjomba. Na yupo kweli. Mwaka 2008 Marekani ilitia saini na Tanzania mkataba wa msaada wa dola milioni 698 kupitia Shirika la Changamoto za Milenia. Ndani yake kulikuwa na kituo kidogo cha umeme wa maji kwenye maporomoko ya Igamba, Mto Malagarasi, cha megawati 8. Uchunguzi wa mazingira ukakuta pale samaki na konokono ambao ni adimu sana, kituo kikaondolewa kwenye mpango, na Kigoma ikapelekewa umeme wa jua wa shule na zahanati badala yake. Nikamsomea mjomba yote. Alinyamaza kidogo. "Kumbe ni kweli. Mimi nilikuwa nasema nilivyosikia bandarini." Kisha: "Na miaka yote hii hakuna aliyekuja kutuambia ni konokono wa namna gani?"

Siku ya pili, Jumapili: Kigoma hadi Kazuramimba

Stendi ni Masanga. Magari ya Uvinza huanza kuita abiria alfajiri, na mimi nilipata nafasi kwenye Noah kwa 6,000 baada ya kusubiri hadi ijae, saa moja na nusu. Lami ni nzuri.

Pale Kidahwe mwambie dereva akuonyeshe kituo cha kupozea umeme. Kwa mtu wa Kigoma kituo kile si jambo dogo. Mkoa huu uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli miaka na miaka. Mjini umeme ulikuwa wa kubahatisha na mafuta yalisafirishwa kutoka mbali. Oktoba 2022 Rais Samia alifika mkoani na gridi ya taifa ikaanza kuingia. Na mradi mpya wa Malagarasi, ule unaofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, unatakiwa kutoa megawati 49.5 na kuzileta hapa Kidahwe kwa njia ya kilomita 54. Nilikuwa nimekaa na mama aliyebeba vifaranga kwenye tenga. Akasema jenereta za mjini zilipokuwa zikizimika usiku yeye alipoteza vifaranga mia moja kwa baridi, kwa hiyo mtu akimwambia habari za konokono anamwona hajawahi kufuga. Niliandika maneno yake kama alivyoyasema, na bado nayapa uzito ule ule ninaoyapa maneno ya watu niliowakuta kesho yake mtoni.

Kazuramimba nilipata gesti ya 15,000, safi, maji ya ndoo. Jioni tairi ya bodaboda iliyokuwa inipeleke kumwona mwenyeji wangu ilipasuka katikati ya migazi, yaani michikichi. Fundi aliyetukuta alikuwa anatoka kanisani na suti yake. Akavua koti, akalitundika kwenye mti, akaziba pancha kwa dakika ishirini, akakataa kupokea zaidi ya 1,000.

*Kwa atakayefuata:* ofisi za Halmashauri ya Wilaya ya Uvinza ziko Lugufu, iliyokuwa kambi ya wakimbizi wa Kongo, wala si Uvinza mjini. Ukitaka kuingia eneo lolote la ujenzi, pitia huko kwanza upate barua, na siku ya kazi. Mimi nilifika Jumapili nikaukosa mlango huo, na kesho yake nikalipia.

Siku ya tatu, Jumatatu: Mtoni

Bodaboda kwenda na kurudi ilikuwa 25,000 pamoja na kunisubiri. Njia ni vumbi jekundu, mashamba ya muhogo, kisha msitu wa miombo uliokaushwa na kiangazi. Malori ya ujenzi yanapita, na kila yakipita mnasimama pembeni hadi vumbi litulie.

Getini mlinzi alinipokea kwa heshima na kunirudisha kwa heshima: bila barua hapiti mtu. Alikuwa anafanya kazi yake. Kijana wa bodaboda akasema, "Twende kwa babu, mwalimu. Anajua njia ya chini."

Babu yake tulimkuta chini ya mwembe akichagua maharage. Nikamsalimu, "Shikamoo mzee," akaitikia, kisha akanirudishia salamu kwa Kiha, "Mwakeye," akatabasamu nilipoijibu. Alitutangulia kwa njia ya miguu karibu nusu saa, mbali na uzio, hadi mahali mto unapopita katikati ya mawe makubwa yaliyolainika kama migongo ya viboko.

Malagarasi kiangazi haukutishi mpaka ukae nao. Ni mto wa pili kwa urefu nchini, kama kilomita 475, na unapokea maji ya kutoka mpaka wa Burundi hadi mbuga za Tabora. Wanasayansi wanasema mto huu ni mzee kuliko ziwa lenyewe: kabla Bonde la Ufa halijafunguka ulikuwa ukienda moja kwa moja kwenye maji ya Kongo, ndiyo maana una samaki ambao ndugu zao wako Kongo na ziwani hawamo. Nimelisoma hilo zamani, lakini ni hapo kwenye mawe ndipo lilipopata maana kwangu.

Mjukuu mdogo wa mzee, wa kama miaka tisa, aliingiza mkono chini ya jiwe pembeni, akaligeuza. Upande wa chini ulikuwa umelowa na una utelezi wa kijani. Palikuwa na konokono watano au sita wameganda, wadogo kuliko punje ya mahindi, rangi ya chai ya rangi, kila mmoja na mistari myembamba inayozunguka gamba. Mmoja alitoa pembe zake mbili, akazirudisha. Mtoto akalilaza jiwe taratibu vile vile lilivyokuwa. Kama ndio wale waliotajwa kwenye uchunguzi siwezi kuapa, lakini nilipowaona nilimfikiria mjomba.

Mzee akaanza kusimulia bila mimi kuuliza.

"Walikuja wa kwanza wakapima. Wakaja wengine na nyavu ndogo na chupa, wakakusanya konokono na samaki. Vijana wetu ndio waliowabebea chupa. Wakaondoka, tukasikia mradi umekufa. Miaka ikapita, wakaja wengine, wakapima tena, sasa wanajenga. Mimi sijakataa hata mara moja. Nimekaa kwenye mikutano yote, nimetia dole gumba kila walipotaka dole gumba. Lakini wale wa chupa, mwalimu, uliwahi kusikia walichokiona?"

Tulirudi mwembeni tukakuta watu wamejaa. Habari zilishafika kwamba kuna mwalimu anauliza mambo ya bwawa. Uji ukaletwa, na mihogo ya kuchemsha. Wengine walikuwa wanangoja ajira, wengine walilalamika kwamba wageni wamepandisha bei ya vyumba na ya kuku. Mama mmoja alikuwa na swali moja tu: kama ziwa la bwawa litafika kwenye makaburi ya wazazi wake. Alikuwa ameambiwa na dereva wa lori kwamba litakuwa "kama Mtera".

Nikachukua kijiti nikachora mchangani. Kuna bwawa la kukusanya maji, kama Mtera au lile la Rufiji, ambalo hufunga bonde na kutengeneza ziwa. Na kuna mtambo wa maji yanayopita: banio fupi linageuza sehemu ya mto, maji yanaingia mferejini, yanashuka kwenye mitambo, kisha yanarudi mtoni chini zaidi. Huu wa Malagarasi ni wa namna ya pili. Ziwa la kumeza kijiji halimo. Yule mama alivuta kanga akajifuta uso, akakaa chini kwa mara ya kwanza tangu afike.

Hapo ndipo mwanamke mwingine, amebeba mtoto mgongoni, akaweka kidole kwenye mchoro wangu, katikati ya banio na nyumba ya mitambo. "Na hapa? Maji yakishageuzwa, hapa patabaki nini?"

Ni swali lenyewe, na wataalamu wengi wamechelewa kuliuliza. Nikawaeleza habari za kituo cha umeme wa maji cha Kihansi. Kule Udzungwa, mwaka 1996, wakati kituo kikijengwa, waligunduliwa vyura wadogo wa manjano walioishi kwenye rasharasha za maporomoko tu, na kwingine kokote duniani hawakuwepo. Kituo cha megawati 180 kilipoanza, maji karibu yote yakaelekezwa kwenye handaki na rasharasha ikakauka. Wakafungwa mabomba ya kunyunyizia. Vyura 499 walipelekwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2000, wakazalishwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini. Mwaka uliofuata baadhi wakarudishwa Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurejeshwa bondeni kwao.

Kimya. Kisha kijana mmoja akasema, na hakuwa anatania: "Chura alipandishwa ndege. Sisi tukitaka kwenda kuuliza fidia yetu Kigoma tunakopa nauli." Wazee wawili wakamkemea kwa kusema hivyo mbele ya mgeni. Mimi niliona amesema kitu kinachostahili kusikilizwa. Anayelinda chura na anayelipa fidia si mtu mmoja, wala fedha si za mfuko mmoja, lakini kwa aliyekaa chini ya mwembe ule wote ni "watu wa mradi".

*Kwa mwenye ardhi iliyopimwa:* sheria iko upande wenu kuliko mnavyodhani. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, fidia haihesabu mazao na nyumba peke yake. Ipo pia posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi. Uthamini una muda, miaka miwili, kwa mujibu wa sheria ya uthamini ya 2016, na malipo yakipita miezi sita huongezwa riba. Wekeni nakala ya fomu ya uthamini, hata kwa kuipiga picha na simu ya jirani. Na wanaotaka habari za mto wenyewe, Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika ina ofisi Kigoma mjini.

Wakati wa kuaga, mzee akanishika mkono hakuuachia. "Maneno ya mdomo tumesikia mengi. Utuandikie. Yule wa kwanza kwa nini aliondoka, na huyu wa sasa anafanya nini. Mjukuu atatusomea." Nikaahidi.

Siku ya nne, Jumanne: Uvinza

Siku ya kungoja. Uvinza ni mji wa chumvi. Watu wamekuwa wakichemsha maji ya chumvi hapa tangu kabla ya misafara ya pembe. Nilinunua kilo mbili kwa ajili ya nyumbani. Tiketi ya treni daraja la tatu hadi Tabora haifiki elfu ishirini. Bei hubadilika, ulizeni stesheni. Treni ilikuwa ifike jioni. Njia ilikuwa na matengenezo, ikafika saa tisa usiku. Mama muuza chai alitukunjulia mkeka wake mimi na familia moja ya Warundi, akawafunika watoto kwa khanga zake mbili, na alipofunga biashara aliacha jiko likiwa na moto.

Siku ya tano, Jumatano: Ndani ya treni

Kuchelewa kule kulinipa zawadi: tulilivuka bonde la Malagarasi alfajiri. Ukungu, matete, korongo wamesimama mguu mmoja, mitumbwi miwili. Mbuga hizi za Malagarasi na Muyovozi ndizo eneo oevu la kwanza Tanzania kuingizwa kwenye mkataba wa Ramsar, ule wa kulinda maeneo oevu, mwaka 2000, hekta zaidi ya milioni tatu. Maji yanakaa huku yakichujwa kabla ya kushuka Igamba na ziwani.

Nguruka behewa likajaa samaki wakavu. Akaingia na mama mmoja, mnene wa sauti, na magunia matatu. Lafudhi yake haikuwa ya bara. Nikamuuliza, akasema kwao Muhoro, Rufiji. Amekuja kununua samaki kwa sababu shamba la mpunga lilimwachisha kilimo.

"Lilikuachishaje, mama?"

"Aprili ile ya 2024. Maji."

Behewa zima lilikuwa na la kusema kuhusu Rufiji. Kijana aliyevaa jezi alianza: lile Bwawa la Nyerere ni heshima ya nchi, megawati 2,115, mitambo tisa, tumejenga kwa fedha zetu wakati Wazungu wanatukataza kwa ajili ya tembo wa Selous, na wao wana mabwawa kila mto. Nusu ya abiria wakamuunga mkono, na ninaelewa. Selous iliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1982, na mjadala wa bwawa wa 2018 na 2019 ulisikika kwa watu wengi kama amri kutoka nje. Wazo la bwawa pale ni la tangu enzi za Mwalimu. Kuna watu walioliona kama deni la miaka arobaini linalolipwa, na tangu mtambo wa kwanza ulipowashwa mapema 2024 mgawo wa umeme uliopungua waliuona kwa macho yao.

Mama wa Muhoro alimwacha amalize.

"Mwanangu, taa nazitaka. Kwangu ziko. Na mafuriko usinifundishe, nimezaliwa nayo. Babu zetu walilima mlau: maji yakishuka, wewe unapanda nyuma yake kwenye tope, unavuna bila mbolea. Maji ya zamani yalikuja kwa hodi. Yanapanda kidogo leo, kidogo kesho, unahamisha kuku, unahamisha kitanda. Yale ya juzi walitutangazia, siwasingizii, gari lilipita na spika. Walisema maji yanakuja. Hawakusema yatafika kifundoni au darini. Mimi nikapandisha mpunga juu ya meza."

Meza ilikutwa kijiji cha pili.

Serikali ilieleza wakati ule kwamba mvua zilikuwa kubwa kupita kawaida, kwamba Rufiji ilifurika tangu zamani, na kwamba bila bwawa kuzuia sehemu ya maji hali ingekuwa mbaya zaidi. Nikamwuliza kama alisikia maelezo hayo. "Nilisikia. Huenda ni kweli. Lakini yalikuja baada ya meza." Kijana wa jezi akaacha kubishana. Baadaye nilimwona akimsaidia kupanga magunia yake mlangoni.

Nilitaka kumuuliza kuhusu mlau, kama unawezekana tena sasa mto ukiwa mikononi mwa milango ya chuma. Alikuwa amelala, mkono juu ya gunia. Kaliua, Urambo, Usoke zikapita kwa karanga na mahindi ya kuchoma. Tabora tuliingia saa kumi jioni.

Siku ya sita, Alhamisi: nililala, nikafua.

Siku ya saba, Ijumaa: Igombe

Bodaboda kutoka mjini, 12,000 kwenda na kurudi, njia ya mchanga. Nilikwenda kwa sababu ya ramani niliyoitazama kwenye treni: Mto Igombe nao unamwaga maji yake bonde la Malagarasi. Maji niliyokunywa utotoni, kama yasingezuiwa na tuta hili, yangeshuka mpaka kwenye mawe ya yule mtoto.

Bwawa hili halina mitambo. Ni tuta la udongo na maji yaliyotulia, na bata maji. Kwa miaka mingi Tabora ilinywa hapa na kwenye bwawa la Kazima. Siku hizi maji ya Ziwa Victoria yametufikia na watu wengi wameanza kulisahau. Kando ya maji nilimkuta bibi akimwagilia mchicha kwa kopo lililotobolewa matundu.

"Mwangaluka, bibi."

"Mwangaluka, baba. Umetumwa?"

Nikasema sikutumwa. Akalegea. Hatua chache nyuma yake kilisimama kigingi cha zege, kimepakwa rangi nyekundu iliyofifia. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au bwawa, kwa sababu udongo unaolimwa unashuka na kujaza tope. Bibi anaijua sababu. Alinionyesha mwenyewe mahali ambapo wakati wa ujana wake maji yalimfika kifuani na sasa ng'ombe wanapita. Anachouliza ni kitu kingine: alipohamishwa nyuma ya kigingi aliambiwa ataonyeshwa pa kulima pengine penye maji. "Nangoja hapa hapa, karibu na kigingi, ili akija anione." Nilinunua mafungu matatu ya mchicha. Akaniongeza la nne.

Baada ya safari

Barua ilinichukua jioni nne. Kurasa mbili, maneno mapana, na mchoro wa banio, mfereji na nyumba ya mitambo niliourudia mara tatu. Niliandika habari za 2008 na kwa nini mradi ule uliondoka, habari za huu wa sasa, Kihansi, miezi sita ya malipo, na anuani ya ofisi ya bonde. Nikampa kondakta wa basi la Kigoma pamoja na 2,000, aishushe Kazuramimba kwa yule kijana wa bodaboda.

Jumapili usiku simu ikaita. Alikuwa kijana, kisha kelele za watu, kisha sauti ya mzee, akizungumza kwa nguvu kana kwamba anavuka mto.

"Imefika. Imesomwa mara mbili, mara ya pili walikuwepo na akina mama. Yule wa makaburi anakusalimu."

"Marahaba, mzee... nisamehe, shikamoo."

"Marahaba. Sasa sikiliza, tumekaa tukapata swali. Umeandika kwamba mara ya kwanza walisimama kwa sababu ya konokono. Konokono si bado wako pale pale? Huyu mtoto anawaona kila siku. Basi tunauliza: hawa wa sasa, kabla ya kuanza, walipita kuwahesabu tena?"